Kotisoli Imepanda, Presha Inacheza: Nihofie Kipi?

SWALI

Wapendwa washauri, habari za kazi.

Nina miaka 33 na huu ni ujauzito wangu wa kwanza, wiki ya 31. Miezi ya karibuni nimekuwa na mawazo mengi: kazi imenizidi, mume wangu yuko mbali kikazi, na usingizi umenipotea. Wiki mbili zilizopita nilijipeleka mwenyewe maabara kufanya vipimo vya homoni, bila kuandikiwa na daktari. Damu ilitolewa saa mbili asubuhi. Majibu yakasema kotisoli ni nanomoli 890 kwa lita, na pembeni kuna alama nyekundu kwamba kawaida ni 140 hadi 690.

Wifi yangu aliposikia akaniambia hiyo ndiyo homoni ya msongo, ndiyo inayoleta kifafa cha mimba, na nikiendelea kulialia nitamdhuru mtoto. Maneno hayo yamenikaa kichwani kwa sababu dada yangu mkubwa alipata kifafa cha mimba kwenye uzazi wake wa kwanza. Wifi amenitumia pia vidonge vya mitishamba vya "kushusha kotisoli". Kwenye chupa naona majina ya ashwagandha na likorisi. Bado sijavigusa.

Kuhusu presha, nilipoanza kliniki ilikuwa 108/66. Mara ya mwisho, wiki ya 29, ilikuwa 128/82 na mkojo ulikuwa safi. Nikanunua mashine ya kupimia nyumbani. Jana jioni, nimetoka tu kupanda ngazi, ikasoma 146/94. Nikatulia dakika kumi, ikasoma 138/88. Miguu inavimba jioni ila pete bado inavaliwa. Kichwa hakiumi, na mtoto anacheza vizuri.

Je, nirudie kipimo cha kotisoli? Mawazo yangu ndiyo yanayonipandishia presha? Na vidonge hivyo nivinywe?

Mama wa Wiki ya 31

JIBU

Dada mpendwa, ahsante kwa kutuandikia na namba zako zote, maana zimeturahisishia kazi. Namba inayotakiwa kukutoa nyumbani leo ni ile 146/94. Ile 890 inaweza kusubiri, na huenda isihitaji kufanyiwa chochote.

Ukiisoma barua hii mchana, nenda kliniki leo hii. Ukiisoma usiku na huna dalili yoyote kati ya zile tutakazozitaja mbele, lala, kisha kesho uwe wa kwanza mlangoni. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90 (mojawapo inatosha), mama anapaswa kupimwa upya na mtaalamu na mkojo wake kuangaliwa. Ni kweli ulikuwa umetoka kwenye ngazi, na ni kweli presha ilishuka ulipotulia. Lakini 138/88 nayo imekaribia mpaka, na una mambo mawili yanayoongeza uwezekano wa priklampsia: hii ni mimba yako ya kwanza, na ndugu yako wa damu amewahi kupata tatizo hilo.

Priklampsia ndiyo hali inayotangulia kifafa cha mimba. Presha hupanda baada ya wiki ya 20 kwa mama ambaye awali ilikuwa sawa, na pamoja nayo protini huvuja kwenye mkojo, au figo, ini, chembe za kugandisha damu, ubongo au kondo la nyuma huanza kuonyesha kuelemewa. Kifafa chenyewe ni degedege linalokuja juu ya hali hiyo. Watu wengi huziita zote mbili kifafa cha mimba, kwa hiyo muulize dada yako mambo matatu kabla hujaenda: alijifungua wiki ya ngapi, alipata degedege au ilikuwa presha na protini tu, na mtoto alizaliwa na uzito gani. Ugonjwa unaoanza mapema, kabla ya wiki ya 34, kwa kawaida huwa mkali zaidi, na daktari atataka kujua hilo.

Kupanda kutoka 108/66 hadi 128/82 peke yake kusingetutisha. Presha ya mjamzito hushuka kidogo katikati ya mimba kwa sababu mishipa ya damu hulegea, kisha hupanda taratibu kuelekea kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla ya kubeba mimba. Tunachotaka kijulikane ni kama huko kupanda kwa sasa ni kwa mwendo huo wa kawaida au kumevuka mstari.

Ukifika kliniki, omba kwanza upimwe presha ukiwa umepumzika, mara mbili. Ili jina la priklampsia lithibitishwe kwa presha isiyo kali sana, kwa kawaida vinatakiwa vipimo viwili vilivyopishana angalau saa nne, kwa hiyo usishangae ukiambiwa usubiri. Pili ni mkojo. Hapa mambo mengi huharibika kwa uzembe mdogo. Jisafishe, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Ute wa ukeni ukiingia kwenye kikopo unaweza kuleta protini isiyotoka kwenye figo. Kile kijiti cha kupimia kina kidoto cha njano kinachogeuka kijani kadiri protini inavyoongezeka, na kinasomwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake, aghalabu sekunde 60. Kikiachwa mezani wakati mhudumu anaandika kadi ya mtu mwingine, rangi inaendelea kubadilika na majibu hayaaminiki tena. Mkojo ulio mwepesi sana kwa sababu umekunywa maji mengi nao unaweza kuficha protini. Ndiyo maana, kijiti kikionyesha protini, au presha ikiwa juu hata kama kijiti ni safi, ni vyema kuomba kipimo cha uwiano wa protini na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) kwenye mkojo huohuo. Uwiano huo ukifika miligramu 30 kwa milimoli, ni protini ya kutosha kuitwa tatizo. Kwa mkojo wa saa 24, mpaka ni miligramu 300.

Presha ikithibitika kuwa juu, damu nayo itahitajika: chembe sahani (zile za kugandisha damu), kreatinini kwa ajili ya figo, na vimeng'enya vya ini. Mama anaweza kuwa na priklampsia bila protini yoyote kwenye mkojo endapo presha iko juu na mojawapo ya hivi imeharibika, na hili bado linawapita watu wengi. Mtoto atapimwa kwa utrasaundi kuona kama anakua na kama maji yanatosha. Mahali penye uwezo kuna pia kipimo cha uwiano wa protini mbili za kondo, sFlt-1 na PlGF. Kwa mama anayeshukiwa kuwa na priklampsia, uwiano wa 38 au chini yake unamaanisha kuwa uwezekano wa ugonjwa kujitokeza ndani ya wiki moja inayofuata ni mdogo sana.

Umeona kwamba kotisoli haimo popote kwenye orodha hiyo. Sasa tuieleze, kwa kuwa ndiyo iliyokukosesha raha.

Kotisoli hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Amri hutoka kwenye ubongo: sehemu iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya CRH, nayo huiamsha tezi ya pituitari itoe ACTH, na ACTH husafiri na damu hadi kwenye tezi za juu ya figo na kuziagiza zitoe kotisoli. Kwa mtu asiye na mimba, kotisoli ikitosha, ubongo hupunguza amri na mambo hutulia.

Mimba hubadilisha utaratibu huo katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ini. Estrojeni nyingi ya ujauzito hulifanya ini litengeneze kwa wingi protini inayobeba kotisoli ndani ya damu. Kotisoli iliyobebwa haifanyi kazi kwenye seli. Inayofanya kazi ni ile kiasi kidogo iliyo huru. Kipimo cha kawaida cha damu, kama ulichofanyiwa, hujumlisha zote, kwa hiyo wabebaji wakiongezeka, namba hupanda. Hata mwanamke asiye na mimba anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandishiwa namba hiyo kwa sababu ileile.

Sehemu ya pili ni kondo la nyuma. Kuanzia katikati ya mimba, kondo hutengeneza CRH yake lenyewe, na huizidisha kadiri siku za kujifungua zinavyosogea. CRH ya ubongo hupunguzwa na kotisoli, ila hii ya kondo huchochewa nayo. Matokeo yake hata kotisoli iliyo huru hupanda kwa kweli, na huo ni mwendo wa mimba yenye afya. Mwili wa mama unaihitaji katika kuratibu sukari na nguvu, na mwili wa mtoto unahitaji homoni za jamii hiyo ili mapafu na viungo vingine vikomae mwishoni.

Ukijumlisha hayo mawili, kotisoli ya jumla katika miezi mitatu ya mwisho hufika mara mbili hadi tatu ya ile ya kabla ya mimba. Majedwali ya vipimo vya wajawazito kwa kipindi hicho hutaja takriban nanomoli 330 hadi 1,380 kwa lita, yaani mikrogramu 12 hadi 50 kwa desilita kwa maabara zinazotumia kipimo hicho. Nanomoli 890 ni kama mikrogramu 32. Umekaa ndani kabisa ya kawaida ya mjamzito. Alama nyekundu ilikuja kwa sababu mashine ilikulinganisha na watu wasio na mimba. Tunasikitika kwamba mama anaweza kuondoka maabara na karatasi ya namna hiyo bila mtu wa kumweleza, kwa maana karatasi hiyo yenyewe imekuzidishia mawazo.

Saa ya kutoa damu nayo ina uzito. Kotisoli huwa juu kabisa alfajiri na asubuhi, kisha hushuka hadi chini kabisa karibu na usiku wa manane, na mpangilio huo hubaki hata kwenye mimba. Damu ya saa mbili asubuhi imechotwa karibu na kilele. Usiirudie. Ukiirudia baada ya wiki tatu huenda ikawa juu zaidi kwa sababu tu mimba imekua, na utaanza hofu upya.

Kuna hali chache zinazostahili kotisoli kuchunguzwa kwenye mimba, na zina sura yake: michirizi mipana ya zambarau, ngozi nyembamba inayochubuka na kuvilia damu kirahisi, mapaja na mabega kuishiwa nguvu hadi kuinuka kwenye kiti ni kazi, pamoja na presha na sukari kupanda. Huko daktari hushuku ugonjwa wa kotisoli kuzidi, na huangalia zaidi kama ile ya usiku inashindwa kushuka. Upande wa pili ni kotisoli kupungua mno: kutapika kusikokoma, kukonda, presha kushuka na ngozi kuwa nyeusi kuliko kawaida yake. Hukutaja lolote kati ya hayo. Ila kama unapaka krimu ya kung'arisha ngozi, ujue nyingi zina steroidi kali (dawa za jamii ya kotisoli) kama klobetasoli, ambayo ikipenya inaweza kulaza tezi zako na kuchezea vipimo. Mwambie daktari ukweli. Na kama unatumia prednisoloni au pampu ya pumu, mtajie pia, wala usiache dawa hizo kwa uamuzi wako.

Je, mama mwenye priklampsia ana kotisoli kubwa kuliko mjamzito mwenye afya? Ingekuwa jibu ni ndiyo moja kwa moja, kipimo hiki kingekuwa kliniki zamani. Tafiti zimegongana: nyingine zimeikuta juu, nyingine sawa, nyingine chini. Sababu za kugongana zinaeleweka ukizitazama kwa karibu. Damu ikichotwa saa tofauti, namba hutofautiana. Wiki za mimba zisipolingana, kulinganisha hakuna maana. Baadhi wamepima kotisoli ya jumla na wengine iliyo huru, ilhali katika priklampsia ile protini ya kubeba imeonekana kupungua katika baadhi ya tafiti, jambo linaloweza kushusha jumla bila kushusha ile inayofanya kazi. Halafu kuna mtego mkubwa: mama mwenye priklampsia ya mapema mara nyingi huchomwa sindano za steroidi kwa ajili ya mapafu ya mtoto, na sindano hizo hushusha kotisoli yake mwenyewe kwa siku kadhaa. Akipimwa siku hizo, unapima athari ya sindano.

Mabadiliko yanayoonekana vizuri zaidi yako kwenye kondo. Katika mimba yenye afya, kondo ni kama mlinzi wa geti: lina kimeng'enya kinachoigeuza sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kuwa kotisoni, ambayo haina nguvu, kabla haijamfikia mtoto. Kwa sababu hiyo kotisoli kwenye damu ya mtoto huwa chini mara tano hadi kumi kuliko ya mama yake. Katika priklampsia tafiti kadhaa zimekuta kimeng'enya hicho kimepungua nguvu, hivyo kotisoli zaidi hupita, na hilo limehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. CRH ya kondo nayo imekutwa juu katika tafiti kadhaa. Zaidi ya kotisoli, kuna neva zinazobana mishipa ya damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulipima ishara za neva hizo moja kwa moja na kukuta kwamba kwa akina mama wenye priklampsia zilirushwa zaidi ya mara tatu kuliko kwa wajawazito wenye presha ya kawaida, kisha zikatulia baada ya kujifungua. Maana yake ni kwamba ugonjwa wenyewe huutia mwili kwenye hali ya msongo. Ukikuta homoni za msongo ziko juu kwa mama mgonjwa, huwezi kusema papo hapo kuwa ndizo zilizomleta hapo.

Hii inatupeleka kwenye maneno ya wifi yako. Mzizi wa priklampsia, hasa ile inayoanza mapema, huanza kabla ya wiki ya 20. Chembe za kondo hutakiwa kupenya kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuipanua mishipa midogo ya ateri ili damu iingie kwa wingi na kwa utulivu. Upanuzi huo usipokamilika, kondo hupata damu kwa shida na kumwaga kwenye mwili wa mama vitu kama sFlt-1, ambayo huinasa PlGF, protini inayostawisha mishipa. Mishipa ya mwili mzima wa mama hubana na kuvuja: presha hupanda, figo hutoa protini, ini na ubongo huumia. Machozi ya mwezi huu hayawezi kurudi nyuma na kuharibu mishipa iliyojengwa miezi kadhaa iliyopita. Zipo tafiti zilizoona uhusiano kati ya wasiwasi au huzuni nzito na priklampsia, na zipo ambazo hazikuuona. Zinazouona hazithibitishi kwamba mawazo ndiyo chanzo. Vitu vyenye uzito uliothibitika ni mimba ya kwanza, historia ya ugonjwa kwako au kwa mama na dada, mapacha, presha ya zamani, kisukari, ugonjwa wa figo, unene mkubwa na umri uliosogea. Kwa hiyo, dada, usijibebeshe lawama. Wifi huenda alisema kwa uchungu na upendo, lakini alichokisema si sahihi.

Vidonge vyake usivinywe. Ashwagandha inashauriwa kuepukwa kwenye ujauzito kwa hofu ya kuharibu mimba. Likorisi ni mbaya zaidi kwa hali yako hasa: kiini chake huzuia kimeng'enya kilekile kinachomkinga mtoto dhidi ya kotisoli, na kinapozuiwa kwenye figo mwili hubakiza chumvi, potasiamu hushuka na presha hupanda. Kidonge kinachouzwa kwa jina la kushusha homoni ya msongo kingemfikishia mtoto homoni hiyo kwa wingi zaidi na kukupandishia presha juu yake. Kama kuna mtu nyumbani aliyeanza kuvitumia akiwa na mimba au presha, avisimamishe na amweleze daktari.

Mashine yako ni msaada mkubwa ikitumiwa sawasawa. Kwanza chukua utepe wa fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida unaokuja na mashine nyingi ni wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wako ukiwa 34, mkanda huo ni mdogo kwako na utasoma juu kuliko ukweli, wakati mwingine kwa alama kumi. Tafuta mkubwa wa mashine hiyohiyo. Pili, beba mashine uende nayo kliniki, mkunga apime kwa yake kisha kwa yako kwenye mkono huohuo. Mashine nyingi za kidijitali hazikuthibitishwa kwa wajawazito, na kwenye priklampsia baadhi husoma chini ya ukweli, kosa ambalo ni hatari zaidi kuliko kusoma juu.

Kupima kwenyewe: kojoa kwanza, usiwe umekunywa kahawa au chai ya rangi nusu saa iliyopita, kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya sweta. Tulia dakika tano bila kuongea wala simu. Pima mara mbili ukipishanisha dakika moja, andika zote mbili pamoja na saa. Asubuhi na jioni zinatosha. Kupima kila baada ya nusu saa hukuongezea hofu, na hofu kwa muda mfupi hupandisha presha kwelikweli, hapo wifi ana chembe ya ukweli. Lakini kupanda huko hutulia ndani ya dakika. Ikisoma 140/90 au zaidi, tulia dakika 15 urudie. Ikibaki hapo, wasiliana na kliniki siku hiyohiyo. Ikifika 160 juu au 110 chini, usikae kurudiarudia nyumbani. Nenda hospitali papo hapo, hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu presha ya kiwango hicho inaweza kupasua mshipa wa ubongo bila kubisha hodi.

Dalili hizi nazo hazisubiri mashine: kichwa kuuma sana na kisitulie kwa parasetamoli, kuona ukungu, vimulimuli au giza, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe ya moyo (wengi hudhani ni kiungulia), kutapika kupya, kubanwa pumzi, uso na mikono kuvimba ghafla, damu ukeni, tumbo kukaza na kuuma mfululizo, au mtoto kupunguza kucheza. Miguu kuvimba jioni huku pete ikivaliwa ni kawaida ya wajawazito wengi. Anayeishi nawe ajue jambo moja: ukipata degedege akulaze ubavu wa kushoto, asikutie kitu mdomoni, na aite msaada wa haraka.

Usipunguze chumvi kwa ghafla, usinywe dawa za kukojoza kwa ajili ya uvimbe, na epuka ibuprofeni na jamaa zake. Kulala kitandani siku nzima hakuzuii priklampsia na huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Ikithibitika una priklampsia, matibabu yapo na yanajulikana. Presha hushushwa kwa labetaloli, nifedipini au methildopa. Magnesiamu salfeti hutolewa pale ugonjwa unapokuwa mkali, na jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 2002 lilionyesha kuwa hupunguza takriban nusu ya uwezekano wa degedege. Tiba inayoumaliza ugonjwa ni kujifungua, na madaktari hupima wiki moja baada ya nyingine: mama akiwa imara husubiri hadi wiki ya 37, akiharibika hawasubiri. Wakiona utajifungua kabla ya wiki ya 34, utachomwa deksamethasoni miligramu 6 mara nne kila baada ya saa 12, au betamethasoni miligramu 12 mara mbili kwa saa 24. Hizi ni jamii ya kotisoli, zilizochaguliwa makusudi kwa kuwa kondo haliwezi kuzizima kirahisi, hivyo humfikia mtoto na kuyaandaa mapafu yake. Ukiandikiwa, usiogope kwamba unaongezewa homoni ya msongo.

Kukosa usingizi na kulia mara kwa mara kunastahili tiba kwa sababu wewe unaumia, bila kuhusisha presha. Kama hali hiyo imefika wiki mbili karibu kila siku, au huoni raha kwenye chochote, mwambie mkunga kwa maneno hayohayo. Yapo mazungumzo ya tiba yanayosaidia, na zipo dawa zinazotumika kwenye ujauzito kwa uangalizi. Ukijiwa na wazo la kujidhuru, mwambie mtu siku hiyohiyo. Mume hata akiwa mbali anaweza kupokea namba zako za presha kila jioni kwa simu, na dada yako, aliyepitia haya, anaweza kukusindikiza kliniki.

Mwisho, kujifungua si siku ya kuacha kupima. Presha mara nyingi hufika kilele kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kuzaa, na kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata mama akiwa ameshatoka hospitali, kwa hiyo dalili zile zihesabiwe hadi wiki ya 6. Kotisoli hurudi chini taratibu wiki hizohizo, na kama daktari atataka kuipima kwa sababu nyingine, angoje wiki hizo zipite. Kwa mimba nyingine, waambie mapema kuhusu dada yako na presha hii: mama mwenye viashiria kama vyako huanzishiwa aspirini ya kiwango kidogo, miligramu 75 hadi 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 12. Kwenye wiki ya 31 muda wake umeshapita, kwa hiyo usiinunue mwenyewe sasa.